Nilivyoihukumu Kifo Injini ya Kanisa

Marafiki, heshima yangu imebaki kwenye uwanja wa kanisa pale Kondele. Atakayepita huko aiache tu hapo ilipo, mimi sirudi kuichukua. Nimeaibika leo, mchana kweupe, nikiwa na suti, mbele ya Pasta, kwaya, wazee wa kanisa na watu waliokuwa wakipita zao barabarani wakaona wasimame kidogo. Naandika nikiwa nimekaa nyuma ya nyumba. Sikio la kulia bado lina grisi.

Kwa wasionijua, mimi ni kinyozi. Kibanda changu kiko hapo hapo Kondele, karibu na steji ya boda boda. Mke wangu, Mama Tabby, anauza nguo za mitumba Kibuye. Tuna gari moja kuukuu lenye mgongo mrefu, na kazi yake ni kubeba marobota ya nguo. Watu hubebwa tu kama marobota yameacha nafasi.

Sasa ili muelewe nilivyofika pale nilipofika, lazima nianze na gari hilo.

Miezi michache iliyopita tulikuwa tunarudi kutoka Port Victoria, nyumbani kwao Mama Tabby. Yeye ndiye alikuwa kwenye usukani, kama kawaida. Tukiwa njiani injini ikaanza kugonga. Ngo, ngo, ngo. Ukikanyaga mafuta, inagonga haraka. Ukiachia, inagonga polepole kama mgeni mwenye adabu. Mimi nikafanya nilichojua kufanya. Nikaongeza sauti ya redio.

Mama Tabby akaizima redio. Akasikiliza kidogo, akaegesha kando ya barabara, akazima gari kabisa. Akasema tukiendelea hivyo tutaacha vyuma barabarani. Tukavutwa kwa kamba mpaka nyumbani, nami njia nzima nikipungia watu mkono ili wadhani tumependa wenyewe.

Lazima niwaeleze kuhusu huyu mwanamke. Baba yake alikuwa akitengeneza injini za maboti kule Port Victoria, na magari pia yalipomfikia. Hakuwa na mtoto wa kiume aliyependa kazi hiyo. Huyu binti ndiye aliyeipenda. Alikua akiosha plagi wakati wenzake wakiosha vyombo (vyombo pia aliosha, mama yake hakuwa na mchezo). Anajua kazi na anajua kwamba anajua. Muulize kama anaweza kutengeneza gari, atakuuliza gari gani.

Kesho yake asubuhi akafungua boneti. Akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha ya chuma kwenye injini na mpini kwenye sikio, akafumba macho. Akawa anahamisha ile ncha taratibu, huku na huku, kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Kisha akawa anachomoa nyaya za plagi, mmoja mmoja, injini ikiwa inanguruma. Alipochomoa mmoja, kugonga kukapungua. Akaurudisha, kukarudi. Akaniambia ugonjwa uko kwa pistoni ile. Halafu akamwaga oili akiichuja kwa kitambaa cheupe, akanionyesha. Kitambaa kilikuwa kinametameta vipande vidogo vya chuma, vizuri kabisa, kama nguo ya harusi.

Akasema beringi za ndani zimekwisha, zimekula na chuma kikubwa kinachozungusha pistoni. Kuitengeneza ni kujidanganya. Tutafute injini nyingine.

Tukatafuta injini iliyotumika. Au tuseme yeye alitafuta, mimi nilisimama karibu nikikunja uso ili muuzaji asituone wajinga. Jirani yetu mchomeleaji akatuazima fremu ya chuma yenye mnyororo wa kuinulia vitu vizito. Na hapo uani kwetu, Mama Tabby akaitoa injini ya zamani.

Natamani mngeona. Kila waya na kila bomba alilofungua, alilifunga kipande cha kitambaa kutoka kwa mabaki ya mitumba. Waya wenye kitambaa cha maua ulifunguliwa mahali penye kitambaa cha maua. Bomba lenye mistari ya buluu lilitoka penye mistari ya buluu. Mwisho ile injini ilikuwa imepambwa kuliko bibi harusi. Akaning'iniza ile mpya, akaishusha mahali pake kwa upole, na mimi nikishika mnyororo na tochi na kikombe chake cha chai. Alipowasha, iliguna mara moja, ikatulia, ikalia laini. Majirani wakapiga makofi. Mama Tabby akafuta mikono, akauliza kama kuna mtu amekumbuka kuweka maharagwe motoni.

Mimi nilisimama pale nikamtazama, nikajiambia kwamba nimeoa vizuri.

Basi. Kosa langu lilianza Jumatatu iliyofuata, kazini.

Kinyozi ambaye hana hadithi hana wateja. Mtu akishakaa kwenye kile kiti, amefungwa shuka shingoni, anataka kuambiwa kitu. Nikaanza kuwahadithia habari za injini. Wateja wa kwanza niliwaambia ukweli wote: Mama Tabby alitoa injini. Wakafurahi. Baada ya siku kadhaa nikawa nasema "tulitoa injini." Si uongo, mimi nilishika tochi. Halafu, sijui ni vipi, ulimi hauna mfupa, siku moja nikajisikia nikisema "nilitoa injini." Mteja akageuka akanitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuiona kwenye kioo kile. Nami nikaipenda heshima ile. Kuanzia hapo sikurudi nyuma. Nikawa nawasikilizisha jinsi bisibisi inavyowekwa sikioni. Nikawa nawaambia habari za kitambaa cheupe. Mabaki ya mitumba pia niliyasema, nikidai ni mbinu yangu mwenyewe.

Na Pasta wetu, Pasta Odongo, hunyolewa kwangu.

Sasa twende leo.

Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko Kibuye, kwa hiyo Mama Tabby huenda ibada ya asubuhi, akitoka huko anaelekea sokoni. Mimi huenda ibada ya pili. Leo nilivaa ile suti ya kijivu, tai ya maruni, nikakaa safu ya katikati. Nilikuwa na amani kabisa.

Wakati wa matangazo Pasta akasema gari la kanisa limeanza kugonga. Watu wakaguna. Hilo gari si la kifahari, ni kagari kadogo kenye umri wa mtu mzima, lakini ndilo linalompeleka Dani Perpetua hospitali kila wiki kusafishwa damu. Figo zake zilichoka. Dani ni nyanya yetu sote pale, alikuwa anafundisha watoto wa Sunday school tangu sisi wengine tuko watoto hao. Kupanda matatu hawezi tena, anarudi kutoka hospitali hajiwezi. Siku yake ya kwenda ni keshokutwa.

Nilikuwa natikisa kichwa kwa huruma. Kisha Pasta akatabasamu, akasema Mungu hawezi kuruhusu ugonjwa bila kuleta daktari, na kwamba katikati yetu kuna mtu aliyetoa injini nzima kwa mikono yake na kuweka nyingine, tena kwa unyenyekevu hajawahi kujitangaza.

Nami nikageuka kutazama ni nani huyo.

"Baba Tabby," Pasta akasema, "simama watu wakuone."

Nikasimama. Wangapi kati yenu wangekaa? Kanisa zima lilikuwa linapiga makofi. Hata mpiga kinanda alinipigia kidogo. Nikainama kama mtu aliyezoea.

Ibada ilipoisha hakuna aliyeenda nyumbani. Wakatoka nyuma yangu kama maandamano. Nilitumaini gari litakataa kuwaka, tuahirishe. Likawaka mara moja. Na kweli lilikuwa linagonga, ngo ngo ngo, mpaka njiwa wakahama juu ya paa.

Nikaomba bisibisi. (Ilinibidi niombe kitu.) Mpiga kinanda akaniletea ile yake fupi ya kukazia stendi. Nikainama ndani ya boneti na suti yangu. Nikafumba macho kwanza, maana hilo nililikumbuka vizuri. Kisha nikaweka mpini kwenye injini na ncha ya chuma sikioni.

Ndiyo. Nimeiweka kinyume. Wala sikugundua. Niligundua tu kwamba inauma, na kwamba mkono mchafu wa mtu fulani ulikuwa umeshika ile ncha kabla yangu. Lakini mlio niliusikia. Nikatikisa kichwa kwa huzuni. Watu nao wakatikisa.

Nikaomba kitambaa cheupe. Mama mmoja wa kwaya akanipa leso yake nzuri. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili, nikakipangusa, nikainua leso juani. Jua la Kisumu mchana mnalijua. Kila kitu kinametameta chini yake, hata kipara cha mzee wa kanisa. Nikaona vimetameta. Nikamwonyesha Pasta, naye akaviona pia, kwa sababu nilimwambia viko.

Nikafuta mikono taratibu. Nikashusha sauti.

"Pasta," nikasema, "hii injini tumeipoteza."

Pasta akavua miwani. Mzee mmoja akauliza kama hakuna namna ya kuitengeneza, nikamjibu kwamba kuitengeneza ni kujidanganya. (Maneno ya mke wangu, neno kwa neno. Yalisikika vizuri sana kwa sauti yangu.) Nikasema beringi zimekwisha, zimekula chuma. Inatakiwa injini nyingine.

Wazee wakajikusanya pembeni pale pale. Mmoja akasema mabati ya darasa la watoto yangoje. Mwingine akasema kwaya isimamishe safari yake. Nilianza kusikia joto shingoni, lakini nilijiambia kwamba huenda niko sawa. Injini inagonga, mimi nimesema inagonga. Tunapingana wapi?

Ndipo Dani Perpetua akasimama kutoka kwenye kiti walichomwekea kivulini. Alishika fimbo yake, akasema polepole, "Nina ng'ombe wangu mmoja, mtamba, pale nyumbani. Uzeni. Mimi ndiye napandishwa hilo gari, si watoto wa darasa."

Jamani. Yule mtamba tunamjua wote. Dani huongea naye. Amempa jina.

Hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kugonga kuliko gari. Nilitaka kusema neno. Nilifungua mdomo, nikaona wale watu wote wananitazama kama daktari, nikaufunga.

Na hapo ndipo gari letu lilipoingia uwanjani.

Sikulisikia, maana injini aliyoifunga Mama Tabby hailii, inanong'ona tu. Nilimwona tayari anashuka, ana robota la sare za kwaya alizokuwa ameahidi kuleta. Akawakabidhi akina mama robota lao. Kisha akasikia lile gari la kanisa, lilikuwa bado linanguruma. Akasimama. Akainamisha kichwa upande, vile anavyofanya. Akatazama boneti iliyo wazi, akatazama bisibisi mkononi mwangu, akatazama sikio langu.

Nataka mjue kwamba alielewa yote hapo hapo. Na nataka mjue alichofanya, kwa sababu mwanamke mwingine angecheka mpaka akae chini. Yeye alikuja taratibu, akamsalimia Pasta, akamsalimia Dani kwa kuinama, akauliza tumefikia wapi. Pasta akamweleza kwamba mume wake amepima na injini imekufa, na kwamba Dani ametoa mtamba.

Mama Tabby akanigeukia. Sauti yake ilikuwa tamu kabisa.

"Baba Tabby, najua ulikuwa unaningoja nije nikushikie vitu ndipo utoe mkanda wa mbele, uone kama mlio utaisha."

Alikuwa amenifungulia mlango. Mlango mpana, wa lori kupita. Nilichotakiwa kusema ni "ndiyo."

Nikasema, "Mkanda hauna haja."

Akanitazama. Akajaribu tena, akasema labda nimesahau kuwaambia watu kwamba hata la kwetu tulitoa mkanda kwanza kabla ya kuamua. Watu wakanigeukia. Ningeweza kusema nilisahau. Nani hasahau?

Nikasema, "La kwetu nilijua kwa masikio tu."

Mama Tabby akavuta pumzi. Mimi namjua mke wangu. Ile ndiyo pumzi anayovuta mteja akitaka sweta kwa bei ya soksi. Lakini hata hapo bado alikuwa ananitafutia njia. Akakunja mikono ya gauni lake akasema, kwa upole, "Sawa. Basi wewe nionyeshe tu mkanda, mimi niutoe, usichafue suti."

Nikainama ndani ya boneti. Vitu vya mle ndani ni vingi. Nikaona kitu cheusi, cha mpira, kirefu, kimepinda. Nikakinyooshea kidole kwa uhakika wote niliokuwa nao.

Kisha Pasta Odongo, mtu wa Mungu, ambaye hajui lolote kuhusu magari ila kuyaombea, akasogea akatazama kidole changu.

"Baba Tabby," akasema pole pole, "huo si ni mpira wa maji ya rejeta?"

(Wote ni weusi. Wote ni mpira. Mimi bado naona kosa lilikuwa la waliotengeneza.)

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni yule mpiga kinanda. Halafu sauti za kwaya zikaingia, soprano kwanza, kisha alto, kwa mpangilio mzuri ambao hawajawahi kuufikia ibadani. Mtu wa boda boda aliyekuwa amesimama barabarani akaniita, "Omera, ndugu yangu, si ni wewe uliniambia umetoa injini ukiwa umenishika kichwa?" Kwa hiyo kulikuwa na mashahidi pia.

Mama Tabby hakucheka. Alifunga kanga kiunoni juu ya gauni la kanisani, akaomba aletewe spana kutoka kwenye gari letu, akamwambia Pasta azime. Akalegeza nati upande mmoja, akasukuma kitu kwa kiganja, na mkanda wa kweli ukatoka mikononi mwake. (Mweusi. Mpira. Mrefu.) Akamwambia Pasta awashe.

Gari likawaka. Na halikugonga.

Sijawahi kusikia kimya kizuri namna ile. Injini ilikuwa inalia laini, mfululizo, kama mtu anayesali peke yake. Mama Tabby akasimama wima ili wote wamsikie, akaeleza. Alisema huu mkanda unazungusha vitu vilivyoko nje ya injini. Ukiutoa, injini inabaki peke yake. Kama mlio ungekuwa wa ndani, ungebaki. Umeondoka, maana yake mgonjwa si injini, ni mmoja wa majirani zake. Kisha akamwambia Pasta azime haraka, kwa sababu bila mkanda maji hayazunguki na injini ingechemka.

Akaanza kuwashika hao majirani mmoja mmoja kwa mkono. Alipofika kwenye altaneta, ile mashine ndogo inayochaji betri, akashika gurudumu lake akalitikisa. Likacheza huku na huku kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Akamwita Dani aje aone. Si Pasta, si wazee. Dani. Akamsaidia kutembea mpaka pale, akachukua mkono wake wa kizee, akauweka kwenye lile gurudumu.

"Unasikia linavyocheza, Dani? Ni hili tu. Kesho nakuja kulifunga beringi mpya. Keshokutwa unaenda hospitali. Na mtamba wako alale nyumbani."

Dani akalitikisa mwenyewe. Akalitikisa tena. Akaanza kucheka, kile kicheko cha watu wazee kinachotoka bila sauti, mabega tu yanatetemeka. Akanitafuta kwa macho.

"Na huyu alitaka kumla mtamba wangu," akasema.

Hapo kicheko kilikuwa kikubwa mpaka nikaona watu wa ng'ambo ya barabara wanatoka madukani.

Wakati huo Pasta akawa ananitazama, si kwa hasira, ila vile anavyotazama mtu anayemngoja atubu. Akamuuliza Mama Tabby, mbele ya watu, kweli kabisa, injini ya gari lao ni nani aliyeitoa. Mama Tabby akafungua mdomo. Niliona kabisa anatafuta tena namna ya kuniokoa, baada ya yote yale. Nikashindwa kuvumilia. Mtu hawezi kuokolewa siku nzima na mke mmoja.

"Ni yeye," nikasema. "Alisikiliza yeye, akaitoa yeye, akaweka nyingine yeye. Mimi nilishika tochi."

"Na mnyororo," Mama Tabby akasema. "Mnyororo alishika vizuri. Nilikuwa chini ya injini na sikuogopa."

Hakuna aliyecheka hapo.

Kisha wale wazee, ambao dakika chache kabla walikuwa tayari kufuta mabati ya watoto kwa neno langu, wakamzunguka mke wangu. Mmoja akamuuliza kuhusu pikipiki yake. Mwingine ana jenereta. Mama yule wa kwaya akataka leso yake nzuri, nami nikamrudishia ikiwa na ramani ya Ziwa Victoria kwa oili. Akasema hakuna neno. Usoni kwake kulikuwa na neno.

Tulirudi nyumbani na gari letu, yeye kwenye usukani. Nilingoja anigombeze. Hakugombeza. Tulipopita Kibuye alipunguza mwendo kumwambia dada anayemwangalizia meza kwamba anarudi sasa hivi. Mbele kidogo akaniuliza, bila kunitazama, kama wateja kweli walikuwa wanaipenda hiyo hadithi. Nikamwambia waliipenda sana. Nikamwambia pia kwamba niliowaambia mwanzo, wale wa ukweli, ndio walioipenda zaidi, walikuwa wanauliza maswali mpaka nywele zinaisha.

"Basi rudia hiyo," akasema.

Baada ya muda nikamwona anatetemeka mabega. Alikuwa amejizuia tangu uwanjani, masikini. Ilibidi aegeshe kando. Alilia machozi, akiniuliza bisibisi imefikaje sikioni upande ule, na mimi nikimwonyesha, na kila nikimwonyesha anaanza upya. Mwisho nilicheka pia. Kisha akachukua ncha ya kanga yake akanifuta sikio. Grisi haikutoka yote. Akaniacha nyumbani, akarudi sokoni.

Kwenye grupu la WhatsApp la kanisa tayari kuna picha. Mimi, suti, boneti, macho nimefumba. Mtu ameandika chini yake "Daktari akisikiliza mapigo." Pasta ameweka alama ya kicheko. Pasta!

Kesho nafungua kibanda kama kawaida, na hadithi ipo, tena ya kweli, ya mwanamke anayesikia ugonjwa wa chuma. Karibuni. Ombi langu ni moja tu: mnicheke kabla sijashika mashine, kwa sababu kichwa kinachotetemeka hakinyoleki sawa, na hiyo nayo mtasema ni mimi.